Bastola ya kwanza: usikimbilie ile ndogo

Ndugu yangu wa Mwembe Tayari, Mombasa, nimekuelewa: unafunga duka usiku, umeomba kibali, na sasa hujui uchukue bastola ndogo ya mfukoni au Glock 19, ambayo ni ya ukubwa wa kati. Usilipe hata shilingi kabla ya kupata kibali hicho, yaani cheti cha silaha. Kununua bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114.

Mimi nilianza na ndogo. Nyepesi kubeba, ndiyo, lakini hurusha mkono vibaya na kulenga kunakuwa taabu. Ya ukubwa wa kati, ya milimita 9, hutulia zaidi. Glock 19 huchukua risasi 15, ila haina kitufe cha usalama cha kubonyeza kwa kidole gumba, hivyo kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uamue kupiga. Ishike kwanza, uone kama unaivuta sehemu ya juu bila kuhangaika.

Hapa kwetu chumvi ya bahari na jasho huleta kutu haraka. Isafishe na kuipaka mafuta mara kwa mara. Tafuta mkufunzi mwenye idhini. Una watoto? Nunua sefu kabla ya bastola. Na kama nyumbani kuna ugomvi au mtu aliyekata tamaa ya maisha, tafadhali ahirisha, uzungumze na mshauri nasaha.