Dahalia ya mbao: ukuta usiofunguka usiujenge

Aliyenipigia simu alikuwa binti wa mwaka wa pili. "Shikamoo fundi. Ukuta wa chumbani kwetu ukiugonga unalia kama debe tupu." Nikamuitikia marahaba, nikamwambia nitapita jioni. Nilipofika nikabonyeza ubao kwa kidole gumba, kidole kikazama. Nyuma ya plaiwudi mchwa walikuwa wameshapanda mpaka usawa wa dirisha, na sanduku la vitabu alilolisogeza ukutani lilikuwa limeliwa upande mzima. Hakunilaumu. Aliniomba tu nimfungulie ukuta aone wamefika wapi. Sikuweza. Nilikuwa nimeupiga misumari na gundi kila shubiri, na kuufungua ilikuwa ndiyo kuuvunja.

Hiyo ilikuwa dahalia yangu ya kwanza ya mbao, yaani bweni la wanafunzi, vyumba sita kwenye kiwanja cha mtu binafsi upande wa Tunguu, hapa Unguja. Baada ya hapo nimejenga nyengine mbili, na hazifanani na ile. Naandika kwa sababu wenye viwanja karibu na vyuo, Tunguu na Chukwani, wananiuliza sana habari za vyumba vya kuunganisha, vinavyoundwa vipande vipande kisha kufungwa pamoja kiwanjani, na karibu wote huanza kwa kuuliza bei ya mbao. Ningependa waanze na swali jengine: kipande hiki kikioza, nani atakitoa, kwa chombo gani, na mwanafunzi atalala wapi usiku huo?

Mbao kwetu ina sababu zake. Mchanga wa kujengea Unguja umekuwa tabu, na mashimo ya kuchimbia mchanga yamekula mashamba. Msonobari unapandwa, unakatwa, unapandwa tena. Mwingi tunaoupata unatoka bara, kwenye mashamba ya miti kama Sao Hill kule Mufindi. Mita moja ya ujazo ya msonobari mkavu ina uzito wa kilo 500 hivi, na karibu nusu yake ni kaboni ambayo mti uliivuta kutoka hewani. Lakini kaboni hiyo inabaki ndani kwa muda ule tu mbao inaoishi. Mbao ikiliwa mwaka wa tatu, ukaitupa na kununua nyengine, hujahifadhi kitu. Nakuombeni pia msiende kukata mikoko kwa kisingizio cha ujenzi wa asili. Boriti, yaani miti ya mikoko ya kuezekea dari, ziliwatosha wazee wakati watu wakiwa wachache.

Hata hivyo boriti zina jambo la kutufunza. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti haivuki mbali, ni mita tatu hivi. Chumba kilifuata mti. Mimi nimefuata sokoni. Mbao zetu nyingi zinauzwa za futi 12, na plaiwudi ni futi 4 kwa 8. Basi chumba changu cha wanafunzi wawili ni futi 12 kwa 12: plaiwudi tatu kila upande, mbao nzima bila kuunga, na vipande vya kutupa havijai hata gunia. Nguzo za ukutani zinakaa kila inchi 16, kwa hiyo kila plaiwudi inaishia katikati ya nguzo. Sakafuni natumia mbao za inchi 2×6, na katikati naweka mstari wa vijiguzo vya zege ili isinesenese. Ukichora chumba cha futi 13 kwa sababu kitanda ulichokipenda ni kirefu, utakata na kutupa katika kila chumba, dahalia nzima.

Huko Hamburg, Ujerumani, kuna nyumba ya wanafunzi iliyomalizika 2017 kwa vyumba 371 vya mbao vilivyotoka kiwandani vikiwa vizima, vikapangwa kwa kreni kama visanduku. Watu hunionesha picha zake. Ni kazi nzuri, lakini sisi njia ya kuendea kiwanja inapita kati ya minazi na migomba, waya za umeme ziko chini, na kreni inakodiwa kwa bei ya chumba. Nawashauri wajenge kwa paneli: ukuta unaoundwa chini ya banda, unapakiwa kwenye lori, unabebwa na watu wanne na kufungwa kwa bolti. Na kama kazi ni ya Pemba, paneli zinalala vizuri kwenye chombo.

Sasa mchwa, maana hapa ndipo nilipoumia. Siku ile nilipovunja ukuta nilitafuta walipopita. Nyumba ilikuwa imeinuliwa juu ya vijiguzo, na vijiguzo vyote vilikuwa safi. Walikuja kwa ngazi. Mwashi alijenga ngazi ya zege mbele ya mlango, akaijaza kifusi ndani, akaiegemeza kwenye sakafu ya mbao, nami nikaipitisha kwa sababu ilipendeza. Mchwa hapendi mwanga. Alipewa njia ya giza kutoka ardhini hadi kwenye ubao. Tangu siku hiyo ngazi zangu zinasimama peke yake na kuachana na nyumba kwa upana wa vidole vitatu. Sakafu iko angalau sentimita 50 juu ya ardhi, ili mtu aweze kuchutama na tochi akaangalia. Juu ya kila kijiguzo kuna kisahani cha bati kinachotokeza pembeni na kuinama chini. Kisahani hakimuui mchwa, kinamlazimisha ajenge mrija wake wa udongo nje, pale unapoonekana. Mlinzi anapita kila Ijumaa asubuhi. Akiuona mrija anaubomoa na kunipigia.

Kuhusu dawa, mafundi wengi bado wanapaka oili chafu. Mimi nimeacha. Harufu yake inakaa kwenye chumba cha kulala, inashika nguo, na haingii ndani ya mbao. Mbao za chini, zilizo karibu na ardhi, nunua zilizoshindiliwa dawa kiwandani kama nguzo za umeme. Za ndani ya kuta nazipaka maji ya boraksi, chumvi inayozuia wadudu, lakini boraksi huoshwa na mvua, kwa hiyo usiitegemee nje. Dawa zenye shaba zinakula msumari wa kawaida, na chumvi ya hewa yetu inamalizia. Bolti na skrubu ziwe zilizochovywa zinki. Hapo usibane matumizi.

Kosa langu la pili lilikuwa kununua mbao mbichi wakati wa masika na kuzifunga wiki ileile. Kaskazi, msimu wa joto na ukavu, ilipoingia zikasinyaa, milango ikapinda, nati zikalegea. Siku hizi nazipanga kivulini, kila safu imetenganishwa kwa vibao, na sizigusi mpaka kipimo cha unyevu kisome asilimia 18 au chini. Kaskazi ya kwanza baada ya kuhamia watu, narudi na spana nikakaza kila bolti.

Vyoo na mabafu usijenge kwa mbao. Watu 12 wanaotia udhu mara tano kwa siku wanamwaga maji mengi, na mbao haitavumilia. Nayaweka katikati, kwa tofali na zege, na jiko humo humo, vyumba vikavu vikiwa pembeni. Hata Vancouver, Kanada, jengo la wanafunzi la ghorofa 18 lililomalizika 2017 kwa mbao lina ghorofa ya chini na minara ya ngazi za zege. Kuchanganya si udhaifu. Jiko likiwa nje ya vyumba, hofu ya moto nayo inapungua. Nguzo nene ya msonobari huungua kuelekea ndani kwa milimita 0.7 hivi kwa dakika, lakini plaiwudi haina subira hiyo. Baina ya chumba na chumba weka bodi za jasi, na kila chumba kiwe na mlango barazani na dirisha la nyuma ambalo mtu anaweza kutokea.

Elekeza urefu wa jengo mashariki na magharibi, ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini. Pepo za kusi na kaskazi zote mbili zitapita ndani, na jua la saa kumi litakutana na ukuta mfupi usio na dirisha. Upenu uwe wa mita nzima, na chini ya bati acha nafasi ya hewa juu ya dari. Madirisha ya upande wa baraza yapandishe juu ya kichwa cha mtu aliyekaa kitandani. Mabinti waliniambia wazi kwamba dirisha la chini hawalifungui kwa ajili ya stara, na dirisha lisilofunguliwa ni ukuta wenye joto tu.

Kelele ndiyo malalamiko niliyoyapata zaidi, hasa wakati wa mitihani. Ukuta baina ya vyumba naujenga mara mbili, safu mbili za nguzo zisizogusana, na katikati najaza usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, uliolowekwa maji ya boraksi ukaanikwa. Nanunua kwa akina mama wanaofukia makumbi ufukweni.

Ukuta wote wa ndani sasa unashikwa kwa skrubu zinazoonekana, bila gundi. Mwenye kiwanja mmoja alinung'unika kwamba vichwa vya skrubu vinaharibu sura. Nikampa bisibisi, nikamuomba afungue kipande chochote akipendacho. Alifungua cha nyuma ya kitanda, akachungulia, akanusa, akakirudisha mwenyewe. Paneli mbili za akiba ziko kwenye stoo yake, na mchoro wa vipimo umebandikwa nyuma ya mlango wa stoo, pamoja na ukubwa wa spana inayotakiwa.