Kompyuta moja, familia nzima: maswali yenu kuhusu akaunti

Wiki hii karibu wote mmeuliza kitu kimoja, ile kompyuta ya sebuleni ambayo kila mtu anaigusa. Nyingi mmesema ni Windows 10 au 11, kwa hiyo najibu kwa hizo.

*Mimi na watoto watatu tunatumia akaunti moja. Juzi wa mwisho kafuta folda yangu ya hesabu za kikoba. Kuna haja kila mtu awe na yake? Mama, Tanga*

Haja ipo mama, tena kubwa. Kwanza kaangalie Recycle Bin, lile pipa la vilivyofutwa, ukiikuta folda bofya kitufe cha kulia cha mausi, chagua Restore, inarudi pale pale ilipokuwa. Halafu leo leo ingia Settings, kisha Accounts, tafuta palipoandikwa other users, umfungulie kila mtoto ya kwake. Watakuomba imeili ya mtoto, kama hana chagua kwamba huna taarifa zake, ukurasa unaofuata unakuruhusu kumwongeza bila akaunti ya Microsoft. Sasa hapa ndo penyewe: za watoto ziache Standard, yaani za kawaida, ya kwako peke yako ndo iwe Administrator, yaani adimini, msimamizi wa kompyuta, na uiwekee paswedi ambayo hawaijui. Wengi wanawapa wote uadimini ili wasiitwe itwe kila mtoto akitaka kuweka programu, mi siungi mkono kabisa, maana adimini anaweza kufungua folda za wenzake wote, hapo utakuwa hujatenganisha kitu.

*Nimenunua laptopu yuzdi, pa kuingilia panatokea jina la mtu nisiyemjua. Nimebadilisha jina lakini kwenye diski ya C, ndani ya Users, folda bado ina jina lake. Dodoma*

Ukibadilisha jina kinabadilika kile kinachoonekana tu, folda inabaki na jina la siku akaunti ilipofunguliwa. Ilishanikuta, nilifungua laptopu niliyonunua mkononi nikakuta picha ya kitambulisho cha mtu, barua zake za kuomba kazi, na picha za mtoto wake akiwa na yunifomu mpya, roho iliniuma kwa ajili yake. Usihangaike na jina kaka, safisha yote: Settings, tafuta Recovery, halafu Reset this PC, chagua Remove everything, na laptopu iwe kwenye umeme muda wote maana inachukua muda. Na siku ukiuza wewe, fanya hivyo hivyo kabla haijatoka nyumbani.

*Asubuhi kompyuta iko fasta, jioni inakuwa nzito hadi mausi inakwama. Ina RAM ya GB 4. Mombasa*

Nahisi mnapokezana bila kutoka. Ukibadili mtumiaji tu, akaunti ya kwanza inabaki wazi nyuma na programu zake zote, wakifika wanne GB 4 za RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, hazitoshi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kwenye dirisha linalotokea fungua Users, utaona nani bado yumo. Wazoeze kubofya Sign out wakimaliza.

*Bibi yetu anasahau paswedi kila siku. Morogoro*

Kama ya kwake ni Standard, haina imeili wala haina siri, mwachieni bila paswedi, anabofya jina lake anaingia. Mwekeeni na picha yake kwenye akaunti ili aitambue kwa mbali. Ila akiwa anafanya mambo ya benki humo, hapana, wekeni.

*Kijana kaenda chuo, nifute akaunti yake ipungue moja pale mbele? Arusha*

Subiri kwanza mzee. Ukifuta, Windows inaondoa na vitu vyake vyote vya Desktop, Documents na Pictures kwenye hiyo kompyuta, wala haviendi Recycle Bin. Mpigie simu, aje likizo na flashi au hadidiski ya nje ahamishe mwenyewe, anajua kipi ni kipi. Mpaka hapo jina lake likae tu pale chini kushoto, kwenye skrini ya kuingilia.