Jicho la binti yangu limerefuka: je, ndiyo mayopia (kutoona vizuri vitu vya mbali)?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Binti yangu ana miaka 9. Mwaka jana alipimwa urefu wa jicho kwa ultrasaundi, la kulia likawa milimita 23.5. Mwaka huu amepimwa kliniki nyingine kwa mashine ya mwanga, jicho hilohilo limetoa 23.86. Mkunjo wa konea (kioo angavu cha mbele ya jicho) umeandikwa 8.10. Kipimo cha miwani ni +0.25, na hakuwekewa matone yoyote. Mimi na baba yake sote hatuoni mbali bila miwani. Tumeambiwa jicho limekua kupita kiasi na lazima atapata mayopia. Ni kweli?

JIBU: Mama, nianze na ongezeko hilo la 0.36, maana ndilo lililowatisha, na mimi siliamini.

Katika ultrasaundi ya kugusa, konea hutiwa dawa ya ganzi kisha mpimaji huweka ncha ya kifaa juu yake. Akikandamiza kidogo tu, jicho linabonyea na urefu unasoma pungufu. Hata kwa mkono mzoefu, makosa ya milimita 0.1 ni ya kawaida, na mtoto asiyetulia huyaongeza. Mashine ya mwanga haigusi jicho, na ukirudia kipimo namba hupishana kwa milimita 0.02 au 0.03 hivi. Sasa fikiria: mtoto wa umri huu asiye na mayopia hurefuka jicho kwa takriban 0.1 hadi 0.2 kwa mwaka. Kosa la kifaa linaweza kulingana na ukuaji wenyewe! Vipimo vya mashine hizi mbili visitolewe kimoja kwa kingine. Chukulia 23.86 ndiyo mwanzo wa hesabu.

Je, 23.86 ni kubwa? Kwa msichana wa miaka 9, ndiyo, iko juu ya wastani. Jicho la mtoto mchanga huwa na takriban milimita 17, hukua mbio miaka miwili mitatu ya kwanza, kisha hujivuta hadi kufikia 23.5 au 24 ukubwani. Macho ya wasichana ni mafupi kuliko ya wavulana kwa karibu nusu milimita, kwa hiyo uliza kama walimlinganisha na chati ya wasichana.

Lakini urefu peke yake hauamui kitu. Jicho refu lenye konea bapa linaweza kuona mbali vizuri kabisa, kwa sababu konea bapa hupinda mwanga kwa upole na taswira inatua palepale kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga). Ndiyo maana nimefurahi kuona ile 8.10, ambayo ni bapa kuliko kawaida (namba ikiwa kubwa, konea ni bapa zaidi). Wengi wako karibu na 7.8. Gawa urefu kwa mkunjo: 23.86 kwa 8.10 ni 2.95. Uwiano ukivuka 3 ndipo tunaanza kushuku mayopia. Binti yako yuko chini ya hapo, ingawa si kwa mbali. (Karatasi nyingine huandika konea kwa diopta, yaani kipimo cha nguvu ya kupinda mwanga, mfano 41.67. Gawa 337.5 kwa namba hiyo utapata mkunjo wake kwa milimita.)

Kinachonisumbua zaidi ni ile +0.25 bila matone. Misuli ya kulenga ya mtoto ina nguvu sana, naye huikaza bila kujua anapotazama ndani ya mashine, hivyo namba ya kujumlisha huonekana ndogo kuliko ilivyo. Arudiwe kwa matone ya kulegeza misuli hiyo. Akitoka na +1.00, tunapumua. Akibaki +0.25 au chini yake, yumo kwenye kundi lenye hatari kubwa ya kupata mayopia miaka ijayo, na kuwa na wazazi wawili wenye mayopia kunaongeza uzito.

Basi jibu langu: hapana, si lazima, ila ni mtoto wa kufuatiliwa kwa karibu. Baada ya miezi 6 apimwe urefu tena kwa mashine ileile ya mwanga. Jicho likienda kwa kasi ya 0.3 kwa mwaka au zaidi huku ile namba ya kujumlisha ikipungua, mayopia inakaribia. Kasi hupanda hata kabla mtoto hajalalamika kwamba haoni ubaoni.

Msingoje hadi hapo kumtoa nje. Mwanga wa mchana, saa 2 kwa siku, ndio kinga yenye ushahidi mzuri zaidi. Huko Guangzhou, China, shule zilizoongeza dakika 40 za nje kila siku zilipata mayopia mpya kwa asilimia 30.4 ya watoto katika miaka 3, dhidi ya 39.5 kwenye shule nyingine. Faida hii ni kubwa zaidi kabla mayopia haijaanza, yaani sasa hivi kwa binti yako.

Ikianza, tuna matone ya dawa ya atropini ya kiwango kidogo, miwani maalumu ya kupunguza kasi na lenzi za kuvaa juu ya jicho. Zote hupunguza urefukaji. Hakuna inayolirudisha jicho nyuma. Tunahangaika hivi kwa sababu jicho likifika milimita 26, hatari ya retina kuchanika na ya kupoteza uoni uzeeni hupanda sana, na anayeanza mapema ndiye hufika huko.

Kila mara ombeni karatasi yenye namba za macho yote mawili, tarehe na jina la mashine.