Kwa anayeanza Chain of Memories: deki kwanza, upanga baadaye

Kingdom Hearts: Chain of Memories ilitoka kwenye Game Boy Advance mwaka 2004, kisha ikatengenezwa upya kwa PlayStation 2 mwaka 2007. Katika matoleo yote mawili msingi wa kadi ni uleule, na wengi wanaokwama ndani ya Castle Oblivion, kasri ambamo gemu hii hufanyika, hukwama kwa kubonyeza kitufe cha shambulio mfululizo, kana kwamba ni gemu ya ngumi. Hapa kila pigo, uchawi na dawa ni kadi yenye namba, 0 hadi 9, na kadi unazopanga kabla ya pambano ndizo deki yako.

Kubwa huvunja ndogo. Ukitoa 5 na adui akajibu kwa 7, pigo lako linakatika na Sora, mhusika unayemwongoza, anayumba, wazi kabisa kupigwa. Zikilingana, zote zinavunjika. 0 ina sheria yake: ikitolewa ya pili huvunja chochote, ikitolewa ya kwanza huvunjwa na chochote. Basi usianze nayo kamwe. Msubiri bosi aanze pigo lake zito, ndipo uitoe. Ziweke mbili au tatu mwishoni mwa deki. Kwa kuwa kadi huzunguka, kutoka kadi ya kwanza unazifikia haraka ukirudi nyuma kwa kitufe cha pembeni.

Sasa mapigo ya kadi tatu, ambayo ndiyo moyo wa gemu hii. Unakusanya kadi tatu, namba zinajumlishwa, na zikioana unapata mbinu maalumu: Fire (uchawi wa moto) tatu hutoa Firaga, Cure (uchawi wa tiba) tatu hutoa Curaga. Jumla ikifika 10 au zaidi, hakuna kadi moja ya adui inayoweza kuivunja isipokuwa 0. Lakini kuna gharama: kadi ya kwanza kati ya hizo tatu hupotea hadi pambano liishe, hata ukijaza deki upya. Kwa hiyo tanguliza ile dhaifu. Ukipanga Fire 2, 8 na 9, jumla ni 19 na unachopoteza ni ile 2. Ukianza na 9, jumla ni ileile ila umejinyima kadi bora. Panga deki yenyewe kwa mafungu ya tatu tatu kwa mpangilio huo, maana mpangilio haubadiliki pambano linapoanza, na katikati ya vurugu hutapata nafasi ya kutafuta.

Kadi zikiisha unajaza kwa kushikilia kitufe. Mara ya kwanza kaunta, yaani mara ambazo kipimo lazima kijae, ni 1, halafu 2, halafu 3, na hapo hubaki, kwa hiyo hadi kufika 3 kila ujazaji unakuchelewesha zaidi ukiwa umesimama. Kujiviringisha na kuruka hakutumii kadi: jitenge kwanza, ndipo ujaze. Kadi ya Potion hurudisha kadi za mashambulizi papo hapo, ila hutumika mara moja tu kwa pambano.

Kila ukipanda levo utachagua HP (uhai), CP (uwezo wa deki kubeba kadi), au mbinu mpya inapokuwepo. Mbinu usiiache. Baina ya HP na CP, mwanzoni egemea CP: nyongeza ni 25, ya HP ni 15, na CP ndiyo inayoamua kadi ngapi na nzuri kiasi gani zinaingia kwenye deki. Kadi zenye namba kubwa zinakula CP nyingi, na 0 nayo si rahisi. Kadi za premium, yaani toleo maalumu la kadi za kawaida, zinakula CP kidogo, ndiyo maana zinawavutia wageni, lakini ukiitumia moja kwa kawaida hairudi kwa kujaza. Deki iliyojaa premium hukauka kabla bosi hajafika nusu ya uhai. Tumia chache.

Una nafasi ya deki tatu. Moja iwe ya maadui wadogo, yenye kadi chache zinazojazwa haraka. Nyingine ya mabosi, yenye 0 na Cure za namba 7 kupanda. Cure ya 2 huvunjwa kirahisi, na hapo unapoteza tiba na nafasi kwa pamoja.

Nje ya pambano, mpige Heartless (adui wa gemu hii) kwanza kabla hajakugusa. Ataingia pambanoni akiwa amezubaa. Na kadi ya ramani, ile ya kufungulia milango ya vyumba, yenye 0 usiitumie kwenye mlango wowote tu: huo ndio ufunguo wa mlango wenye sharti la namba ambayo huna.