Barua kwa mwanangu: aliye nyuma ya msafara

Lushoto, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nilimsomea mama yako kwa sauti, kwa kuwa miwani yake bado iko kwa fundi. Umeniuliza kama ujiunge na kile chama cha waendesha pikipiki cha hapo Dar es Salaam, ambacho kinataka kiingilio, ada ya kila mwezi na safari tatu za kukujaribu kabla ya kukupa jaketi lenye nembo mgongoni, au uendelee kuendesha peke yako. Kama mwanamke anafaa kuwa huko, hukuniuliza. Hilo ni swali la shangazi yako, naye amekwisha kuwajibia watu wengi kuliko waliomuuliza.

Kuhusu ada na jaketi sina neno. Ninachotaka kujua ni nani anayekaa nyuma kabisa. Nimekwambia tangu ulipokuwa ukipanda tangi la ile Yamaha ya bluu uani na kunguruma kwa mdomo: msafara huongozwa na aliye nyuma. Wa mbele huchagua njia tu, lakini wa mwisho ndiye anayejua kama wote bado wapo.

Mwaka 1984 nilikuwa bwana shamba huko Mtae, kwenye milima hii hii ya Usambara, na wenzangu wawili walikuwa mmoja Mlalo na mwingine Lukozi, huyu wa Lukozi akiwa ndiye unayemwita Baba Mdogo. Kila mwisho wa mwezi tulikutana Malindi ya huku milimani jioni, tukashuka pamoja hadi Lushoto, tukalala huko ili asubuhi tuwahi dirisha la mhasibu. Hatukuwa na nembo wala ada. Mipira ya pikipiki ilikuwa adimu miaka ile, na tyubu zetu zilikuwa na viraka juu ya viraka. Pampu tulikuwa nayo moja kwa watu watatu, nayo aliibeba Baba Mdogo, ambaye kila mara alitangulia.

Mwezi wa Aprili, masika yakiwa yameufanya udongo mwekundu uteleze kama sabuni, tyubu yangu ya nyuma ilipasuka ndani ya msitu wa Magamba, giza likiwa linaanza kuingia. Nilipiga honi, nikaita, nikawasha na kuzima taa. Ukungu ulikuwa mzito. Nilizisikia injini zao mbili zikishuka kona, kisha moja, kisha sikusikia kitu ila maji yakidondoka kutoka kwenye majani. Niliisukuma ile pikipiki hadi saa tatu usiku nilipoona moto wa nyumba ya kwanza, ambako mzee mmoja alinipa viazi vya kuchemsha na nafasi karibu na mafiga, wala hakuniuliza nimetoka wapi. Nilipofika Lushoto kesho yake, wenzangu walikuwa wamekwisha kupokea mishahara yao. Walisema walidhani nimesimama kuvaa koti la mvua.

Niliwaamini kwa miaka 19. Kisha, usiku wa matanga ya babu yako, nawe ukiwa umelala mapajani mwa shangazi yako, Baba Mdogo aliniambia bila kuulizwa kwamba aliiona taa yangu ikipotea kwenye kioo chake. Aliiona, akaendelea, kwa sababu aliuogopa msitu. Nilimjazia kikombe chake chai na kumuuliza habari za ng'ombe wake. Hadi leo nikipita Magamba ndani ya basi hugeuka kuitazama kona ile, na mama yako hujifanya hajaniona.

Jana nilikuandikia kwamba usijiunge, halafu nikaichana karatasi. Mwaka mmoja baada ya usiku ule wa msituni nilipata malaria kali, na Baba Mdogo huyohuyo alipanda hadi Mtae usiku, akanifunga mgongoni kwake kwa kanga mbili za mama yako na kunishusha hadi hospitali, akisimama kila baada ya kona chache kuniuliza kama niko macho. Alipita msitu uleule, katika giza lilelile. Sasa mtu kama huyo nimwandike katika daftari lipi?

Tena, nikikushauri uende peke yako nitakuwa najidanganya. Hadi Iringa, ambako wanapanga kwenda, ni yapata kilomita 500. Kwa kilomita kama 50 barabara hukatiza ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambako tembo huvuka bila kutoa ishara, kisha unafika Kitonga, ambako malori ya Zambia hupanda kwa gia ya chini na mabasi hayana subira ya kuyafuata. Dereva wa basi huona taa kumi kwa urahisi kuliko moja. Ukipata pancha peke yako Mikumi, utainua simu hewani ukitafuta mtandao huku ukihesabu twiga.

Kwa hiyo nenda nao safari moja kati ya zile tatu za majaribio, ila wewe ndiye uwajaribu wao. Tazama kama wanakubaliana vituo vya mafuta kabla ya kuwasha injini. Tazama kama wageni huwekwa karibu na kiongozi, au huachwa mkiani wajitegemee. Msafara huvutika kama mpira: wa mbele akienda 80, wa nyuma hujikuta anakwenda 110 ili kuziba pengo, naye ndiye mwenye uzoefu mdogo kuliko wote. Wanaojua kazi hujipanga kwa kupishana, mmoja kushoto na anayemfuata kulia, badala ya kwenda bega kwa bega, na foleni ya Kibaha ikiwatenganisha husubiriana mahali palipotajwa tangu mwanzo. Na yule wa mwisho awe mtu mzima mwenye vifaa, si aliyebaki nyuma kwa sababu pikipiki yake imechoka. Msafara huongozwa na aliye nyuma, nimesema, ingawa usiku ule wa Magamba aliye nyuma nilikuwa mimi, na sikuongoza kitu.

Mama yako ananihimiza nikuambie tu ninavyofikiri. Ninavyofikiri ninajua, na kalamu imekaribia kuliandika mara mbili. Lakini una miaka 31, na leseni ina jina lako. Nikikuambia nenda, sitalala mpaka urudi. Nikikuambia usiende, utakwenda, kisha hutanipigia simu kuniambia umefika, na hilo la pili ndilo nisiloliweza. Basi neno langu nalimeza, nalo linapita kwa shida.

Kuna mzigo wako kwenye basi la Jumatano. Usiku ule wa matanga Baba Mdogo aliiacha pampu yake kwangu, na hakuirudia tena. Nimebadilisha ngozi ya ndani na kuijaribu kwenye baiskeli ya jirani, inajaza vizuri. Iko chini kabisa, chini ya viazi. Peasi zilizo juu ni za shangazi yako, na amekwisha kuambiwa idadi yake.

Akupendaye,
Baba