Redio mpya kwenye IST, spika za nyuma zinasumbua: usinunue spika kwanza

Mkuu kabla hujatoa hela ya spika nisome kwanza. Umesema ni Toyota IST, umefunga redio ya Android hapo mjini Arusha, spika ya nyuma kushoto kimya kabisa, ya nyuma kulia inakwaruza ukipandisha sauti, na usiku ukiwasha taa sauti yote inakata. Fundi anakwambia spika zimeungua. Sasa spika iliyoungua inajuaje kama taa zimewashwa?

Mi nilikutana na hii kwenye Premio. Nilitoa ile redio ya Kijapani maana FM yake inaishia 90 wakati stesheni zetu zinaenda mpaka 108, fundi akakata soketi ya gari, akaunga waya rangi kwa rangi, akazungusha tepu, kazi imeisha. Hapo ndo shida inapoanzia, kwa sababu rangi za Toyota na rangi za redio ya dukani hazina undugu. Kwenye redio kijani ni chanya ya spika ya nyuma kushoto. Kwenye Toyota nyingi za Japani kijani ni waya wa taa za dashibodi! Ukiunga kijani kwa kijani spika yako ya nyuma kushoto haijaungwa popote, alafu ukiwasha taa unapeleka volti 12 kwenye mlango wa kutolea sauti wa redio, IC (chipu ya kukuza sauti ndani ya redio) inajilinda inakata kila kitu. Naona kabisa ndo kilichokupata.

Na ushukuru hakuunga kijivu kwa kijivu. Kijivu ya Toyota ni umeme wa swichi (unaokuja ukigeuza ufunguo), kijivu ya redio ni spika ya mbele kulia, hapo ungekuwa unatafuta redio nyingine saa hizi. Spika zako za nyuma kwenye ile soketi ndogo ya pini 6 ni hivi: nyeusi na njano ni kushoto, nyekundu na nyeupe ni kulia, ya kwanza kutaja ndo chanya. Ona ulivyo mtego, maana kwenye redio njano ni umeme wa moja kwa moja wa betri, nyekundu ni swichi na nyeusi ni ethi (hasi, inayoenda kwenye bodi ya gari). Mtu asiyejua anachanganya vizuri tu na hana habari.

Kuhakikisha spika ni nzima huhitaji gereji. Chomoa soketi kabisa kwenye redio (kabisa mkuu, usipime ikiwa imechomekwa), chukua betri ya rimoti ile ya volti 1.5, gusisha nyaya mbili za spika upande wa gari, gusa na kuachia. Ikilia krr ni nzima. Ukiweza kuiona, karatasi ya spika ikitoka nje umeweka chanya kwa chanya, ikiingia ndani umegeuza. Zikiwa zimegeuzwa upande mmoja tu zote zitalia ila besi inapotea, watu wanakimbilia kununua sabufa bure. Kama una mita ya umeme, spika ya omu 4 inasoma kama 3 na kitu.

Hiyo inayokwaruza angalia vitu viwili. Cha kwanza, soketi ikiwa bado imechomolewa, weka mita kati ya waya wa spika na bodi ya gari, isisome kitu. Ikisoma kuna shoti, au kuna mjanja kaunga hasi ya spika kwenye ethi. Redio za zamani sana ndo zilikubali hivyo, za sasa hasi nayo ina umeme wake, kama volti 6, ukiipeleka kwenye bodi unaiua IC taratibu. Cha pili, rudisha soketi, washa sauti ya chini alafu fungua na kufunga mlango wa nyuma, waya hukatika ndani ya ule mpira wa bawaba, hasa kama unakula vumbi na mashimo ya Kwa Mrombo kila siku.

Harrier zenye ampu (kikuza sauti cha pembeni) ya kiwandani ni habari nyingine, zile zikiwa kimya zote tafuta waya wa bluu wenye mstari mweupe wa redio, ule unaowasha ampu, kama umeungwa. Wewe haikuhusu.

Dawa yako ni soketi ya kubadilishia ya Toyota (inachomeka kwenye soketi ya gari bila kukata, upande wa pili ina nyaya za kuunga redio), maduka ya vifaa vya redio za magari wanauza na ni rahisi kuliko spika moja. Fundi akisema haina haja, mwambie basi aunge kwa kulehemu kwa risasi na mipira ya joto (ile inayosinyaa ikipata moto ikabana waya), sio tepu, tepu ya bei chee ukishuka nayo Moshi mchana gundi yote inayeyuka.

Toa terminali hasi ya betri kwanza, vuta redio, piga picha ya zile nyaya kwenye mwanga wa kutosha uweke hapa, nikuoneshe upi unakatwa na upi unaenda wapi.