Kondoo ameshiba nyasi lakini ana njaa: majibu ya maswali yenu

SWALI: Habari dokta, pole na kazi. Nina majike 40, wanachungwa kutwa nzima na jioni wanarudi matumbo yamejaa kabisa, sasa msimu huu nimepoteza watatu na wote walikuwa wamebakiza kama wiki mbili tatu wazae. Anaanza kubaki nyuma ya wenzake, hataki kula, anasimama tu anakodoa macho kama haoni, halafu analala na haamki tena. Mmoja tulimpasua tukakuta watoto wawili wakubwa tu. Majirani wanasema wamekula majani ya sumu. Ni kweli?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, kupoteza jike na watoto wake wawili ndani ni hasara inayouma. Sumu siwezi kuiondoa kabisa bila kuwaona, ila ulivyoeleza, yaani mwezi wa mwisho, mapacha, kujitenga, kutoona, kulala, huo ni ugonjwa wa mimba ya mapacha na ninausikia kila mwaka kwa watu wanaosema hivyo hivyo, "lakini walikuwa wanashiba".

Iko hivi. Mimba ya kondoo ni siku kama 147, miezi mitano kasoro kidogo. Miezi mitatu ya kwanza mtoto bado mdogo na mama anajimudu kwa malisho ya kawaida, ila wiki 6 za mwisho ndio mtoto anaongeza karibu asilimia 70 ya uzito wake wa kuzaliwa. Na hapo hapo watoto wakiwa wawili wanalibana tumbo la chakula, kwa hiyo jike mwenye mahitaji makubwa kuliko wote ndiye hana nafasi ya kuweka majani. Ukimuona amejaa, waliomjaza ni watoto. Mwili unaanza kuvunja mafuta yake ili upate nguvu, ini linazidiwa, ketoni, yaani mabaki ya mafuta yaliyovunjwa, zinajaa kwenye damu, sukari inashuka, ubongo unakosa chakula na ndio maana anakodoa macho vile. Niliwahi kupiga magoti mbele ya mmoja wa kwangu nikanusa pumzi yake, ilikuwa na utamu fulani kama matunda yaliyoiva mpaka yanaanza kuharibika, sijaisahau ile harufu. Alikuwa ameshalala siku mbili, hakupona.

Kwa hiyo usisubiri alale. Siku ile ya kwanza anapokataa chakula mwite daktari wa mifugo, kuna glukosi ya mshipani, kuna propilini glaikoli, dawa ya maji inayompa nguvu, ya kunywesha, na mara nyingi atampa na kalsiamu maana upungufu wa kalsiamu mwezi wa mwisho unafanana sana na ugonjwa huu, na huyo wa kalsiamu akidungwa mapema anaweza kuinuka muda si mrefu. Saa nyingine itabidi mimba itolewe ili kumuokoa mama.

Ila kazi yenyewe ni kabla. Wiki 6 kabla ya kuzaa anza kuwapa nafaka au konsentreti, yaani chakula cha nguvu cha kuchanganywa, kidogo kidogo, anza na gramu 100 kwa kila jike kwa siku, panda taratibu mpaka kama nusu kilo, wa mapacha wanaweza kuzidi hapo lakini ikizidi nusu kilo gawa asubuhi na jioni. Ukiwamwagia nafaka nyingi ghafla tumbo linachachuka na utawaua kwa njia nyingine. Nyasi kavu ziwe laini zenye majani, zile zenye vijiti zinajaza tumbo bure. Hori liwe refu, kila jike apate kama sentimita 45, la sivyo wanyonge watasukumwa pembeni na wao ndio wanaohitaji zaidi. Na siku hizo usiwasafirishe mbali wala kuwafungia bila kula.

Kingine, nakuomba uanze kuwashika mgongo, maana sufu inadanganya jamani, unaona kondoo wa duara kumbe ndani ni mifupa. Tunawapa alama za unene, 1 ni amekonda sana na 5 ni amenenepa mno. Weka kiganja nyuma ya ubavu wa mwisho, juu ya uti wa mgongo, bonyeza kwa vidole. Ukisikia mifupa imechongoka kama meno ya msumeno huyo ni alama 1 au 2, ukiisikia ni mviringo na inabidi ubonyeze kidogo ndio uipate huyo ni 3, usipoipata kabisa huyo ni 5. Mwenye mimba tunamtaka kwenye 3. Usidhani mnene yuko salama, wanene kupita kiasi nao wanaugua ugonjwa huu huu kwa sababu mafuta ya ndani yanabana tumbo na wanakula kidogo.

SWALI: Dokta, nimesikia ukiwapa nafaka kabla ya dume wanazaa mapacha, nikiwapa wote itasaidia?

JIBU: Inasaidia dada, lakini sio wote. Jike wa alama 2 mpaka 3 kasoro ukimuongezea gramu 250 mpaka 400 za nafaka kwa siku, wiki mbili tatu kabla ya dume kuingia, mayai yanayokomaa yanaongezeka. Aliyenenepa tayari haongezi kitu, unapoteza chakula tu. Na usikate siku dume anapoingia, endelea wiki mbili tatu nyingine kwa sababu mimba changa haijashika vizuri na njaa ya ghafla inaipoteza, ndio utaona jike anarudi kwenye joto baada ya siku kama 17 ukadhani dume ni mbovu. Jihadhari pia na baadhi ya klova, majani ya malisho ya jamii ya kunde, wakati wa kupandisha, kule Australia miaka ya 1940 waligundua kuna klova yenye kitu kinachofanya kazi kama homoni ya kike na majike waliochungwa humo walikuwa hawashiki mimba.

Halafu soma tena jibu la ndugu hapo juu, maana ukitafuta mapacha umeshajifunga kuwalisha wiki zile 6 za mwisho. Kama hutaweza, bora mtoto mmoja mwenye afya.

SWALI: Dume mmoja anatosha majike wangapi?

JIBU: Aliyekomaa na mwenye afya, 30 mpaka 40. Mbegu zinachukua kama wiki 7 kutengenezwa, kwa hiyo mlishe vizuri na mkague kwato na korodani miezi miwili kabla.

SWALI: Kondoo wangu wakizaa maziwa yanakata haraka na watoto wanadumaa. Nimewawekea madini tuliyokuwa tunawapa ng'ombe lakini sioni mabadiliko. Nifanyeje?

JIBU: Maziwa ya kondoo yanafika kileleni wiki ya tatu mpaka ya nne, kwa hiyo ule mwezi wa kwanza ndio unaamua mtoto atakuwaje. Anayenyonyesha mapacha anataka nafaka, anataka protini, kwa mfano mashudu au majani ya jamii ya kunde, na maji safi muda wote, anaweza kunywa lita 6 mpaka 10 kwa siku. Watu wengi wanasahau maji kabisa. Kiwele nacho kinajengwa kabla ya kuzaa, aliyefika siku ya kuzaa amekonda hata dang'a, yale maziwa ya kwanza, linakuwa kidogo, na mtoto wa kondoo anazaliwa hana kinga, anaipata kwenye dang'a tu. Anyonye ndani ya masaa 2 ya kwanza. Mwenye kilo 4 anahitaji kama mililita 200 kwa mlo huo wa kwanza na 800 kwa siku nzima, ukiona tumbo lake limebonyea mkamulie mama umnyweshe.

Sasa hayo madini ya ng'ombe yaondoe leo hii. Yana shaba nyingi, na kondoo anaihifadhi kwenye ini miezi na miezi bila kuonyesha chochote, halafu siku moja ini linaiachia yote kwenye damu, macho yanakuwa ya njano, mkojo unakuwa mwekundu kahawia, na wengi hawaponi. Tafuta yaliyoandikwa ya kondoo, na mwambie daktari ni muda gani wamekuwa wakiyalamba hayo mengine ili awapime.